Shajara ya mradi: printa mpya, seva ya 2008 R2, na karatasi isiyotoka

Jumatatu 3 Februari 2025: hali ilivyo

Naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye seva ya zamani na printa mpya ambazo hazielewani, nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha.

Duka ni la jumla, spea za magari, Gerezani hapa Dar, jina naliacha. Seva yao ni Windows Server 2008 R2, ile ambayo Microsoft waliacha kuipa apdeti za kawaida tarehe 14 Januari 2020. Msinicheke. Programu yao ya stoo na ankara imo humo miaka yote, database yake ni SQL Server 2005, aliyeiandika hapatikani tena, kwahiyo habari za "nunua seva mpya" tuziweke pembeni kwanza, bosi anazijua na bajeti yake anaijua yeye. Wafanyakazi wote wanaingia kwenye seva kwa rimoti desktopu, wanafanyia kazi humo humo, na kila kinachoprintiwa kinatokea kwenye seva yenyewe, sio kwenye kompyuta zao. Hili mlishike maana ndio kiini cha mambo yote.

Risiti za EFD (za kodi) zina mashine yake, hazina shida. Kinachokwama ni hati ya kutolea mzigo, A4, nakala mbili, bila hiyo mlinzi wa geti hafungui hata kama anakujua kwa sura. Printa ya zamani ilikufa pale panapochoma wino kwenye karatasi, kipuri bei yake inakaribia printa nzima, bosi akanunua mpya: leza ya rangi moja, ina kebo ya mtandao, inasoma PCL6 na PostScript, yaani lugha za printa. Sh 780,000. Kuhusu PCL6 niliwaambia mapema kabisa, printa za bei ya chini nyingi hazina lugha yake zenyewe, zinategemea draiva ya kampuni (programu ya kuiongoza printa) ifanye kazi yote, na kwa seva ya umri huu hapo umekwisha.

Nimeichomeka, ikachukua IP 192.168.1.60 (anwani yake kwenye mtandao), nikaifunga kwenye rauta isihame tena. Laptopu yangu ya Windows 11 ikaiona fasta, ukurasa wa majaribio ukatoka safi. Dada wa akaunti akafurahi, akakimbilia kwenye meza yake, akabonyeza print, kimya.

Kitu kingine kidogo: nilitaka kuingia kwenye seva kwa rimoti nikiwa na laptopu yangu kwenye waifai, ikagoma. Wakaniambia waifai ya hapa haijawahi kuingia kwenye seva, ndivyo ilivyo siku zote, wao wanatumia kompyuta za kebo tu. Basi nikakaa kwenye kiti cha dada wa akaunti.

Jumanne 4 Februari: draiva

Kabla ya yote nimetoa bakapu ya database na kuiweka nje ya seva. Seva ambayo haijazimwa muda mrefu usiiguse bila bakapu, hata kama unaenda kubadilisha picha ya skrini.

Draiva iliyokuja na printa ni ya Windows 10 kwenda juu. Aina yake ni ile wanayoita Type 4, ilianza na Windows 8 na Server 2012, na 2008 R2 haiijui kabisa, yenyewe inakula Type 3 tu. Ukijaribu kuilazimisha inakwambia haioni draiva inayofaa kwenye folda hiyo, na wewe unaiona kwa macho iko pale. Kwenye ukurasa wa kampuni ukichimba chini chini kuna draiva moja ya jumla, PCL6, Type 3, ya biti 64. Hiyo ndio ya kuchukua. Kuipakua kwa seva yenyewe sahau, Internet Explorer 8 ya mle ndani haifungui kurasa za siku hizi maana TLS 1.2 (njia ya kufungua kurasa salama) haijawashwa, kwahiyo pakua kwa laptopu, sogeza kwa flashi. Flashi Sh 15,000, bando 5,000.

Nikaiweka, ikagoma tena, safari hii kwa sababu nyingine: eti haiwezi kuthibitisha aliyetengeneza draiva. Hapa wengi wanakimbilia kuzima ukaguzi wa sahihi. Usifanye hivyo. Sahihi ni nzima, tatizo draiva za sasa zinasainiwa kwa SHA-2 (njia mpya ya sahihi za kidijitali) na seva hii ilizaliwa enzi za SHA-1, haijafundishwa kusoma hiyo mpya. Dawa ni apdeti mbili za 2019: anza na KB4490628, malizia na KB4474419, zote zinapatikana kwenye Microsoft Update Catalog, chagua ya 2008 R2 ya x64, na hakikisha seva ina Service Pack 1. Inataka kuwashwa upya kwahiyo tulisubiri jioni duka lifungwe. Wakati inajiwasha ilikaa kwenye skrini ile ya bluu ya kusubiri mpaka bosi akaanza kunitazama vibaya, lakini ikarudi.

Draiva ikaingia bila manung'uniko. Nikaprint ukurasa wa majaribio. Hamna kitu.

Jumatano 5 Februari asubuhi: porti, na "Offline" ya uongo

Nilichokuta leo ni kwamba ile wizadi ya kuongeza printa ilijichagulia porti (njia ya seva kuifikia printa) ya WSD. Hii WSD ni ule utaratibu wa vifaa kujitangaza vyenyewe kwenye mtandao, nyumbani sawa, kwenye seva mimi siitaki, inapotea ovyo. Nikatengeneza Standard TCP/IP Port mwenyewe, nikaandika 192.168.1.60, Raw, 9100. Wizadi ikazunguka weee, alafu ikasema haikitambui kifaa, nichague aina ya kadi kwa mkono. Nikachagua Custom nikaendelea.

Printa ikatokea kwenye orodha lakini imepauka, "Offline". Huku naitumia ping (ujumbe wa kuuliza "upo?") inajibu! Kama na ya kwenu iko hivi basi nenda kwenye Ports, Configure Port, toa tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Windows inaiuliza printa hali yake kwa SNMP, porti 161 ya UDP, kwa neno "public", na printa nyingi za siku hizi zinakuja hiyo SNMP ya zamani imezimwa kwa ajili ya usalama. Printa ikikaa kimya, Windows inaamua imekufa na haitumi chochote. Kutoa tiki kukaondoa "Offline" hapo hapo na kazi ikaanza kusoma "Printing".

Nikasema tumemaliza. Mzee wa ghala alikuwa amesimama nyuma yangu na makaratasi yake, nikamwambia mzee wangu hati yako hiyo inakuja. Ikakaa "Printing", ikakaa, ikageuka "Error". Mzee akasema tu, "Haya kijana, gari liko getini," akaenda kuandika kwa mkono.

Jumatano 5 Februari mchana: kila kitu kinasema ndiyo, karatasi inasema hapana

Hapa ndipo pana utamu, nitaeleza taratibu.

Kwanza usafi wa foleni, inayosimamiwa na spula (spooler) ya Windows, maana kazi iliyokwama inazuia zilizo nyuma yake na unaweza kujaribu vitu sahihi ukaona havifanyi kazi kumbe foleni imeziba:

`net stop spooler`
`del /q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*.*`
`net start spooler`

Hiyo folda ina faili za .SPL na .SHD, ndio kazi zenyewe zinazosubiri, ukizifuta zimekwenda, waambie watu kwanza.

Alafu maswali ya kawaida. Ping kutoka seva kwenda printa: inajibu, chini ya milisekunde moja, haipotezi hata moja. Je porti 9100 iko wazi? Kwenye 2008 R2 telnet (programu ya kubisha hodi kwenye porti) haiji imewashwa na ile Test-NetConnection ya PowerShell haipo, kwahiyo washa telnet:

`dism /online /enable-feature /featurename:TelnetClient`
`telnet 192.168.1.60 9100`

Skrini ikawa nyeusi tupu, maana yake imeunganishwa. Sawa. Faiawoli ya Windows nikaizima kidogo, hakuna tofauti, nikairudisha. Nikajaribu LPR (njia nyingine ya kutuma kazi kwa printa), porti 515, baada ya kuongeza LPR Port Monitor kwenye Features. Ileile, "Printing" alafu "Error". Nikabadilisha draiva nikaweka ya HP LaserJet ya zamani ya PCL niliyokuta tayari kwenye seva, kwa hoja kwamba PCL ni PCL. Ileile. Kebo mpya ya CAT6, Sh 12,000, na tundu lingine kwenye swichi. Ileile, ila kebo imebaki, ile ya kwanza ilikuwa na kichwa kilicholegea kwahiyo sihesabu hasara.

Wakati wote huo laptopu yangu inaprint kama kawaida. Dada wa akaunti akaniuliza swali ambalo ndilo hasa: "Kaka, mbona kwako inatoka na wewe uko mbali kuliko seva?"

Nikafanya jaribio moja la kijinga ambalo lilisaidia kuliko yote. Leza inayosoma PCL ukiitumia maandishi matupu kwenye 9100 inayachapa tu, haihitaji draiva. Nikafungua telnet kwenye laptopu, nikaandika HABARI, Enter, Ctrl na mabano ya kufunga, quit. Printa ikakohoa kidogo, karatasi ikatoka, HABARI juu kushoto kwa herufi za taipureta. Nikaenda kwenye seva nikafanya hivyohivyo, herufi kwa herufi. Telnet inafunguka, naandika, natoka. Hakuna karatasi, na taa ya data kwenye printa haikupepesa hata kidogo.

Kwahiyo draiva haina kosa, spula haina kosa, lugha ya printa haina kosa, maana hapa hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Muunganisho unafunguka lakini data haifiki. Sasa hiyo inawezekanaje?

Alhamisi 6 Februari: tracert

Nimekuja asubuhi kabla ya wateja, nikaandika kwenye seva amri ya kuonyesha data inapita wapi:

`tracert -d 192.168.1.60`

Mistari miwili. Wa kwanza 192.168.0.1, ambayo ni rauta. Wa pili printa. Kwenye laptopu amri hiyohiyo inatoa mstari mmoja tu, printa moja kwa moja.

Printa na seva ziko kwenye swichi moja, ukinyoosha mikono miwili unazigusa zote, paketi (vipande vya data) zinaenda kuzunguka kwenye rauta kufanya nini? Nikaangalia `ipconfig /all` pande zote mbili na jibu likawa linanitazama. Laptopu: maski (namba inayosema anwani zipi ni za mtandao wako) 255.255.254.0. Seva: maski 255.255.255.0.

Historia nikaipata kwa bosi. Nyuma huko anwani za IP ziliisha, kamera na simu na waifai ya wateja zilizimaliza zote, fundi wa mtandao akaja akapanua mtandao kutoka 192.168.0.0/24 (maski 255.255.255.0) kwenda /23 (maski 255.255.254.0), ili kuanzia 192.168.0.1 mpaka 192.168.1.254 iwe mtandao mmoja. Vifaa vinavyopewa IP na rauta vilipata maski mpya vyenyewe. Seva IP yake imeandikwa kwa mkono, ikabaki na maski ya zamani. Haikusumbua mtu maana kompyuta zote za kebo zimefungwa kwenye 192.168.0, seva inaziona. Printa mpya ikawa kifaa cha kwanza ambacho seva inakihitaji na kiko upande wa 192.168.1.

Sasa fuatilia paketi, kwasababu hapa ndipo utaelewa kwanini ping na telnet zilidanganya. Seva inaona 192.168.1.60 kama mtaa wa mbali, inampa rauta ampelekee. Rauta anapeleka. Printa yenye maski sahihi inaona seva ni jirani, inajibu moja kwa moja bila kupitia rauta. Kwa ping hiyo sio shida, ombi limepita huku, jibu limerudi kule, imehesabiwa. TCP (utaratibu unaotumiwa na telnet na kuprint) ndio ina masharti, inataka salamu tatu kwanza, SYN, SYN-ACK na ACK: seva inatuma SYN kupitia rauta, printa inarudisha SYN-ACK moja kwa moja, seva inaipokea na kuamini tayari tumeunganishwa, ndio ile skrini nyeusi ya telnet. Inatuma ACK ya kumalizia kupitia rauta. Rauta hajawahi kuona ile SYN-ACK, yeye aliona SYN tu, sasa anaona ACK inayodai muunganisho uliokamilika ambao yeye haujui, anaiita batili na kuitupa. Data zote zinazofuata zinatupwa vilevile. Printa inaendelea kungoja ACK, seva inaendelea kutuma, mpaka mmoja anachoka.

Rauta ni MikroTik yenye sheria zake za kawaida za faiawoli, na ndani yake kuna ile ya kutupa paketi za "invalid" (batili) kwenye forward, yaani zinazopita katikati yake. Nikafungua Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), nikakaa nikiangalia kaunta ya hiyo sheria, nikamwambia dada wa akaunti abonyeze print. Kaunta ilikuwa imetulia, ikaanza kupanda, moja, tatu, saba, inasimama kidogo, inapanda tena. Akiifuta kazi, inatulia. Nilimwita bosi aone kwa macho yake, maana kumweleza mtu kwamba printa haiprint kwasababu ya namba 255 badala ya 254 bila ushahidi ni kazi.

Na hiyo rauta msiilaumu, imefanya kazi yake sawasawa.

Kuna njia tatu za kutoka hapa. Ya haraka ni kuhamisha printa iende 192.168.0 kitu fulani, ingefanya kazi leo leo. Rafiki yangu kwenye simu alinishauri nizime tu ile sheria ya kutupa invalid. Ya tatu ni kurekebisha maski kwenye seva. Ya pili nimeikataa, huwezi kutoboa faiawoli ya duka zima kwa sababu ya kompyuta moja yenye maski mbovu, na baadae hakuna atakayekumbuka kwanini ilizimwa. Ya kwanza inaficha ugonjwa. Ile waifai isiyoingia kwenye seva "siku zote" ni ugonjwa huohuo kinyumenyume: laptopu iko 192.168.1, inabisha hodi kwa seva moja kwa moja, seva inajibu kupitia rauta, rauta anaona jibu bila swali, anatupa. Kwahiyo nimechagua ya tatu, ila sio mchana. Kwa leo mzee wa ghala ameendelea na kalamu.

Alhamisi 6 Februari usiku: maski

Fanya hii ukiwa umekaa mbele ya seva, skrini na kibodi yake, sio kwa rimoti, maana ukikosea herufi unajifungia nje. Bakapu kwanza, watu wote wametoka, piga picha ya `ipconfig /all` kwa simu.

`netsh interface ipv4 set address name="Local Area Connection" static 192.168.0.10 255.255.254.0 192.168.0.1`

Jina la kadi hakikisha ndilo, kwenye seva zenye kadi mbili inaweza kuwa "Local Area Connection 2". DNS haiguswi na amri hii. Sekunde chache, mtandao ukarudi, `tracert` sasa mstari mmoja. Nikarudisha draiva sahihi ya PCL6, porti Raw 9100, ukurasa wa majaribio, na kabla sijainua macho printa imeshaanza kuvuta karatasi.

Nikatoa laptopu yangu, waifai, rimoti desktopu kwenda seva. Imeingia. Bosi akauliza kwahiyo sasa nitaweza kuangalia mauzo nikiwa juu ofisini bila kushuka? Ndiyo mkuu.

Bodaboda ya usiku kwenda na kurudi Sh 6,000.

Jumamosi 8 Februari: inaprint, lakini

Jana walifanya kazi siku nzima, malalamiko mawili.

La kwanza, printa inasimama katikati na kwenye kidirisha chake inaomba karatasi ya Letter. Ukibonyeza OK inaendelea, lakini mstari wa chini wa hati, wenye sehemu ya sahihi ya mpokeaji, unakatwa. Seva imepangwa kwa lugha na nchi ya Marekani kwahiyo karatasi yake ya kawaida ni Letter, ambayo ni fupi kuliko A4. Nilishaibadilisha kuwa A4 lakini kwa dada wa akaunti ikawa bado Letter. Sababu ni kwamba kuna sehemu mbili zinazofanana sana: "Preferences" kwenye ukurasa wa kwanza wa printa inabadilisha kwa mtumiaji aliyeingia peke yake, yaani mimi. Ya watu wote iko kwenye Advanced, kitufe cha "Printing Defaults". Kwenye seva ya rimoti yenye watumiaji wengi badilisha hiyo ya pili, alafu watoke kabisa na kuingia upya, sio kufunga dirisha tu.

La pili, kijana wa mauzo hati zake zinatokea kwenye kaprinta kadogo ka mezani kwake badala ya ghala. Rimoti desktopu inabeba printa ya kompyuta yako na kuingia nayo kwenye seva, na inaifanya ndio chaguo la kwanza. Nikafungua gpedit.msc (mipangilio ya sera za Windows), chini ya Remote Desktop Session Host, Printer Redirection, nikawasha "Do not set default client printer to be default printer in a session". `gpupdate /force`, akatoka akaingia, imekaa sawa.

Alhamisi 20 Februari: Windows 11 na 0x0000011b

Bosi amependa, sasa anataka laptopu yake nayo iprint kupitia seva ili kila kitu kiwe kwenye foleni moja. Nikashea printa kwenye seva, nikaiunganisha kutoka Windows 11, ikarudi na 0x0000011b.

Hii mtaikuta sana. Ilitokana na apdeti za 2021 za kuziba tundu la usalama lililopewa namba CVE-2021-1678 kwenye spula, Microsoft waliileta Januari na wakaikazia Septemba mwaka huohuo. Upande mmoja ukiwa na apdeti na mwingine hauna, hawaelewani tena. Mtandaoni kila mtu anakwambia uende kwenye rejista uweke RpcAuthnLevelPrivacyEnabled iwe 0. Inafanya kazi kweli, lakini maana yake ni kuondoa kinga ileile iliyowekwa, tena kwenye seva ambayo apdeti za kawaida ziliisha 2020. Sikuiweka. Laptopu ya bosi nimeipa printa moja kwa moja kwa IP, draiva yake ya kisasa, haipiti kwenye seva kabisa, na kushea kwenye seva nikakuzima. Foleni moja ataikosa, sio kitu anachokitumia.

Gharama mpaka leo: printa 780,000, na vingine vyote, yaani flashi, bando, kebo na bodaboda, 38,000. Ufundi tulielewana pembeni.

Nimepita vifaa vingine vyenye IP ya kuandikwa kwa mkono kuangalia maski zake. Rekoda ya kamera ilikuwa 255.255.255.0, nimeirekebisha, na bosi anasema sasa kamera zinafunguka kwenye simu yake akiwa kwenye waifai ya duka, kitu ambacho alikuwa amekata tamaa nacho. Imebaki mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, nayo ni 255.255.255.0, ila paswedi ya kuingilia aliondoka nayo aliyeifunga na kuirudisha upya kunafuta vidole vya watu wote. Akipatikana nitaongeza hapa.